Ramani ya MYC: mahali jeni ilipo ni nusu ya habari yake

Vitabu vingi vya biolojia hutenganisha maswali mawili. La kwanza ni jeni iko wapi: kromosomu gani, mkono upi, mkanda wa ngapi. La pili ni nini kinaiwasha, nini kinaizima, na inawaka kwa muda gani. Sura moja ni ya ramani, sura nyingine ni ya udhibiti, na mwanafunzi anamaliza masomo akiamini kazi ya ramani ilikwisha mwaka 2003, jenomu ya binadamu ilipotangazwa kuwa imekamilika. Naona mgawanyo huo unapotosha, na jeni iliyonifikisha kwenye msimamo huu ni MYC, jeni inayoamuru seli kukua. Nimekaa na seli miaka mingi, nikizilisha, nikizinyima, nikipima RNA yake, yaani nakala zinazotolewa na jeni iliyowaka, na kila nikirudi kwenye historia ya jeni hii nakuta maswali yale mawili yamefungwa fundo moja.

Nianze na ukuaji wenyewe.

Seli za panya zinazoitwa 3T3 zilitokana na kazi ya George Todaro na Howard Green huko New York, nao wakachapisha habari zake mwaka 1963. Zimependwa na maabara za dunia nzima kwa sababu ni tiifu. Zikijaa sahani, zinaacha kugawanyika. Ukizishushia seramu kutoka asilimia 10 hadi nusu asilimia na kuziacha siku moja au mbili, zinatulia: hazifi, zinaendelea kutumia sukari, zinatengeneza protini kidogo kidogo, ila hazinakili DNA yake. Ukizirudishia seramu, baada ya saa 12 hivi au zaidi zinaanza kuinakili, zikijiandaa kugawanyika. Kinachotokea katikati ya saa hizo ndicho kilichowakesha watu.

Kwa nini seramu? Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake wa Seattle walionyesha kwamba damu ikiachwa igande, majimaji yanayobaki, ndiyo seramu, hukuza seli, lakini plazma iliyotenganishwa kabla ya damu kuganda haina nguvu hiyo. Tofauti inaletwa na chembe sahani, zile zinazokusanyika kwenye jeraha na kuziba mshipa. Zinapokusanyika humwaga kichochezi cha ukuaji ambacho leo tunakiita PDGF. Kwa hiyo ukimimina seramu juu ya seli zilizotulia, umezipa habari kwamba kuna jeraha na ni wakati wa kujenga upya. Hilo hunigusa kila mara, kwa sababu jaribio linaloonekana la bandia kabisa, la sahani za plastiki na majimaji ya rangi ya waridi, chini yake limebeba jambo ambalo mwili hulifanya kila ngozi inapochanika.

Mezani kazi yenyewe inakwenda hivi. Unaandaa sahani nyingi zinazofanana, zote zimenyimwa seramu. Unaimimina kwenye zote kwa pamoja, isipokuwa ile ya sifuri. Kuanzia hapo unafuata saa: dakika 15, 30, 60, 120, na kuendelea. Kila zamu ikifika unanyonya majimaji, unasuuza seli kwa maji ya chumvi yaliyopoa kwenye barafu, kisha unamwaga kimiminika cha kuzivunja. Papo hapo zile seli zilizotandaa zinageuka ute mzito unaoifuata ncha ya pipeti na kukataa kukatika. Ute huo ni DNA iliyomwagika kutoka kwenye viini. RNA inabidi iokolewe haraka, kwani vimeng'enya vinavyoitafuna vipo kila mahali, hata kwenye ngozi ya vidole. Zamani ilitandazwa kwa umeme kwenye jeli, ikahamishiwa kwenye utando, ikakutanishwa na kipande cha DNA chenye mionzi, na jibu likatokea kama vistari vyeusi kwenye filamu ya eksirei. Siku hizi tunaipima kwa PCR na kupata namba. Namba ni bora kwa takwimu, lakini kwa kumwelewesha mtu anayeanza naichagua filamu bila kusita.

Iangalie filamu ya FOS, jeni nyingine inayoitikia seramu. Kwenye sifuri hakuna kitu. Kwenye dakika 30 kuna mstari mnene, mweusi ti. Kwenye saa 2 umefifia karibu kutoweka. Mwaka 1984 Michael Greenberg na Edward Ziff walionyesha kwamba unukuzi wa FOS, yaani kutengenezwa kwa RNA yake, huanza ndani ya dakika chache tu tangu seramu ifike. MYC ina mwendo wake. Hupanda polepole zaidi, hufika juu kati ya saa ya kwanza na ya tatu, na haizimiki kabisa seli inapoendelea kugawanyika. Kathleen Kelly na wenzake wa Boston walilionyesha hilo mwaka 1983, kwa seli za 3T3 zilizopewa PDGF na kwa seli nyeupe za damu zilizoamshwa na vichochezi vyake.

Kuna jaribio moja ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika eneo hili. Weka sikloheksimaidi, dawa inayozuia seli kutengeneza protini yoyote mpya, kisha ongeza seramu. Kama jeni inasubiri protini ya jeni nyingine itengenezwe kwanza, itabaki kimya. FOS na MYC hazikai kimya. Zinapanda kuliko kawaida na zinachelewa kushuka. Hapo unajifunza mambo mawili kwa mpigo. Vifaa vya kuwashia jeni hizi vilikuwa tayari ndani ya seli, vimekaa vikisubiri ishara. Vifaa vya kuzima na kufuta RNA yake ndivyo vinavyohitaji protini mpya, au protini zisizodumu ambazo lazima zitengenezwe tena na tena.

Kwa upande wa FOS, vifaa hivyo vilipatikana kimoja kimoja. Katikati ya miaka ya 1980 Richard Treisman aliutambua mfuatano mfupi wa DNA, herufi zipatazo 300 kabla ya mahali unukuzi unapoanzia, ambao bila huo FOS haisikii seramu. Protini iitwayo SRF hukalia mfuatano huo wakati wote, hata seli ikiwa imetulia. Kinachobadilika ni mwenzake anayekaa kando yake: ishara ya ukuaji ikifika, huyo hupachikwa fosfeti, na unukuzi unafumuka. Upande wa kuzima ulikuwa mkiani. Mwaka 1986 Gray Shaw na Robert Kamen walichukua herufi 51 zilizojaa A na U kutoka mwisho wa RNA ya GM-CSF, kichochezi cha ukuaji wa seli za damu, wakazipachika kwenye RNA ya globini ya sungura, ambayo kwa kawaida hudumu sana. RNA ile ikawa haidumu tena. FOS ina mkia wa aina hiyohiyo, na MYC pia RNA yake hupungua kwa nusu ndani ya dakika 20 hadi 30 hivi, na protini yake haina umri mrefu kuliko huo. Seli ikiacha kunukuu MYC sasa hivi, saa chache baadaye haina tena. Jeni inayoamuru ukuaji imewekewa masharti ya kuombwa upya kila mara, na sidhani kuna namna salama zaidi ya kuipanga.

Kama habari ingeishia kwa FOS, mtu angeweza kusema udhibiti wote umo ndani ya herufi elfu chache kuizunguka jeni, na ukiikata pamoja na ngozi yake ya karibu, umebeba kila kitu. Ramani ya kromosomu ingebaki kuwa anwani tu. MYC ndiyo inayokataa.

Ilianza kujulikana kupitia virusi. Kirusi cha kuku kiitwacho MC29 kilikuwa kimebeba nakala ya jeni hii iliyoibwa kutoka kwa kuku mwenyewe, na kilisababisha saratani haraka. Kisha mwaka 1981 William Hayward, Benjamin Neel na Susan Astrin wakachunguza uvimbe wa kuku uliotokana na kirusi kingine, ambacho hakikuwa na jeni ya saratani hata moja. Walikuta kirusi hicho kimejipachika karibu na MYC ya kuku, na promota yake, yaani mfuatano wa DNA unaoanzisha unukuzi, ndiyo iliyokuwa ikiiendesha. Yaani MYC ilibaki nyumbani kwake, kwenye kromosomu yake. Mgeni alihamia jirani, na ikawa haizimiki.

Wakati huohuo kulikuwa na fumbo jingine lililoanzia Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa ameona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha, na akaandika kuuhusu mwaka 1958. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000 kuelekea kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona uvimbe ule. Ramani iliyotoka humo ilionyesha ukanda unaopita katikati ya Afrika, ukikwepa nyanda za juu zenye baridi, ukifuatana na maeneo yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi ndani ya seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova wakagundua mkanda wa ziada kwenye mwisho wa kromosomu 14 ya seli hizo, na mwaka 1976 Lore Zech akaonyesha mkanda huo ulitoka kromosomu 8. Kwa hiyo kilijulikana kipande kilichohama na mahali kilipohamia. Haikujulikana kimebeba nini.

Hapa ndipo kazi ya ramani ilipofanya jambo ambalo hakuna jaribio la seramu lingeweza kulifanya.

Njia iliyotumika ilitokana na ugunduzi wa Mary Weiss na Howard Green, yuleyule wa 3T3, wa mwaka 1967. Ukiunganisha seli ya binadamu na ya panya ziwe seli moja, chotara hiyo hubakiza kromosomu za panya lakini hupoteza za binadamu ovyo ovyo, kila ukoo ukibaki na mchanganyiko wake. Unakusanya koo nyingi, unaandika kila moja ina kromosomu zipi za binadamu, kisha unachota DNA ya kila ukoo, unaikata kwa vimeng'enya, na kuipima kwa kipande cha MYC chenye mionzi. Mwisho una jedwali: mistari ni koo, safu ni kromosomu, na pembeni safu moja ya alama za kujumlisha na kutoa zinazosema MYC ya binadamu imo au haimo. Unashuka safu kwa safu. Kromosomu 1 haifuatani. Ya 2 haifuatani. Safu moja tu inalingana na ile ya pembeni kuanzia juu hadi chini, na hiyo ndiyo jibu. Ni ushahidi unaosomeka kwenye jedwali, si imani kwa jicho la mtu.

Mwaka 1982 Riccardo Dalla-Favera, Carlo Croce na wenzao, na kundi la Philip Leder kwa upande wao, walipata jibu: MYC iko kromosomu 8, mkanda q24, palepale panapokatika kwenye uvimbe wa Burkitt. Jeni inayoitikia seramu na fumbo la Mulago zikawa jambo moja. Na upande wa pili wa mkatiko, kromosomu 14, kulikuwa na jeni za mnyororo mzito wa kingamwili. Uvimbe mchache usiokuwa na mabadilishano ya 8 na 14 ulikuwa na ya 2 na 8, au ya 8 na 22. Kromosomu 2 na 22 ndizo zenye jeni za minyororo myepesi ya kingamwili. Njia tatu tofauti, na zote zinaifikisha MYC kwenye ujirani wa aina moja.

Ujirani huo una nini? Una enhansa, yaani mifuatano ya DNA inayochochea unukuzi kutoka mbali, bila kujali imeelekezwa upande gani. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1981, kwenye kirusi SV40. Jeni za kingamwili zina enhansa zake zenye nguvu, zinazofanya kazi ndani ya seli B, zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, na seli B ndiyo inayogeuka kuwa uvimbe wa Burkitt. MYC ikiangukia pale, inapokea amri za kiwanda cha kingamwili.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni huu. Seli ya Burkitt ina nakala mbili za MYC. Moja imehama, nyingine imebaki kwenye kromosomu 8 iliyo nzima. Zote zimo kwenye kiini kimoja, zinaogelea kwenye protini zilezile, zinapata ishara zilezile za ukuaji. Tafiti za mwaka 1983 na zilizofuata zilionyesha kwamba iliyohama inanukuliwa kwa wingi, na iliyobaki nyumbani karibu iko kimya. Hakuna namna ya kulieleza hilo kwa kichochezi wala kwa kipokezi kwenye utando wa seli. Kilichotofautiana ni mahali. Nikiwa na muda wa kueleza jambo moja tu kuhusu udhibiti wa jeni, nachagua hilo.

Kweli, MYC iliyohama mara nyingi hupata pia mabadiliko ya herufi, na baadhi yake huongeza umri wa protini. Lakini mwaka 1985 Jerry Adams, Suzanne Cory na wenzao walitengeneza panya ambao MYC yao iliwekwa chini ya enhansa ya kingamwili tangu mwanzo, na karibu wote walipata limfoma, saratani ya seli nyeupe za damu, ndani ya miezi michache. Hata hivyo miezi hiyo ina maana: seli zote B zilikuwa na MYC isiyozimika, na bado uvimbe haukutokea siku ya kwanza. Sehemu ya sababu ilipatikana mwaka 1992 na kundi la Gerard Evan, kwa jaribio linaloturudisha kwenye sahani zetu. Walilazimisha MYC ibaki imewaka kwenye seli, kisha wakaondoa seramu. Seli hazikutulia kama kawaida. Zilijaribu kuendelea na mzunguko wake, nazo zikafa kwa kujiua. Seli inayosukumwa kukua wakati mazingira yanasema tulia hujiondoa yenyewe, na saratani lazima iuvuke ukuta huo pia.

Tangu hapo picha ya kwa nini MYC ndiyo inayokatika imekuwa wazi zaidi, na inasikitisha. Seli B zina kimeng'enya AID, ambacho kazi yake halali ni kubadilisha DNA ya jeni za kingamwili ili ziboreshwe. Kinafanya kazi mahali unukuzi unapoendelea, na mara nyingine hukosea shabaha. MYC, kwa kuwa huwashwa seli B inapoamriwa kuongezeka, ni shabaha iliyo wazi. Malaria ya muda mrefu huziweka seli hizo katika hali ya kuongezeka na kutumia AID. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha jambo hilo. Kirusi cha Epstein na Barr nacho husaidia seli iliyoharibika isife. Ramani ya Burkitt ya mwaka 1961 ilikuwa inaonyesha, bila yeye kuwa na njia ya kulijua, mahali ambapo jeni moja ya kromosomu 8 huwekwa hatarini zaidi.

Kuna jambo lililonisumbua kwa muda. Katika uvimbe wa Burkitt wa maeneo ya malaria, mkatiko mara nyingi uko mbali na MYC, zaidi ya herufi 100,000 kabla yake. Enhansa inawezaje kuamuru kutoka umbali huo? Jibu ni kwamba MYC imezoea. Mwaka 2007 tafiti kubwa za vinasaba zilionyesha mabadiliko ya herufi yanayoongeza hatari ya saratani ya tezi dume na ya utumbo mpana, yaliyomo kwenye jangwa la DNA lisilo na jeni za protini karibu, jirani na MYC. Moja lipo umbali wa herufi 335,000 hivi, ndani ya enhansa ambayo kromosomu inapojikunja hugusana na MYC. Panya walioondolewa kipande hicho waliishi vizuri, na uvimbe wa utumbo ukawapata kwa shida zaidi. Mwaka 2018 ikaripotiwa kwamba seli mama za damu za panya huiwasha MYC kwa kundi la enhansa lililo umbali wa herufi milioni 1.7. Kila tishu ina enhansa zake kwenye jangwa lile, na zote zinaelekea jeni moja.

Jirani wa karibu ni PVT1, jeni ya RNA isiyotengeneza protini. Mikatiko mingi ya uhamisho wa 2 na 8 na ule wa 8 na 22 hutua kwenye eneo lake, na kwa miaka mingi ilichukuliwa kama alama ya njiani tu. Mwaka 2018 kundi la Howard Chang wa Stanford lilionyesha kwamba promota ya PVT1 hushindana na MYC kugombea enhansa zilezile: ukiinyamazisha, MYC inapanda na seli za saratani ya matiti zinakua kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo mwanafunzi akinijia na jeni inayoitikia ukuaji, amepima RNA yake kwa kila zamu na kuona inapanda vizuri, namwomba afungue ramani ya jenomu kabla hatujazungumzia promota. Namwambia apanue dirisha hadi aone majirani wote, mahali kromosomu inapojikunja, na mikatiko iliyowahi kuripotiwa pande zote mbili. Kwa MYC dirisha hilo ni la herufi kama milioni 3, jeni za protini ndani yake ni chache mno, na enhansa zilizojaa katikati bado zinachambuliwa, moja moja, kwa kila aina ya seli.